Ukiitwa mbele ya kamati ya nidhamu kazini: Mambo ya kutarajia na haki zako kisheria

Na MWANDISHI WETU

BARUA hiyo huja kwa njia tofauti. Wapo wanaokabidhiwa bahasha na karani mwishoni mwa zamu, wapo wanaoitwa ofisini kwa meneja na kuambiwa watie sahihi kuthibitisha wameipokea, na siku hizi wapo wanaoisoma kwenye simu ya mkononi wakiwa ndani ya matatu wakielekea nyumbani. Ujumbe wake ni mmoja: unatakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu kujibu tuhuma zinazokukabili.

Kwa wafanyakazi wengi, barua hiyo husomwa kana kwamba ni hukumu. Kuna anayepandwa na hasira na kuamua kutokwenda, akishikilia kuwa mwajiri ameshakata kauli. Kuna anayeandika barua ya kujiuzulu usiku huohuo ili aepuke aibu. Na kuna anayefika kikaoni mikono mitupu, akiamini kwamba ukweli utajitetea wenyewe.

Wote watatu hukosea. Kikao hicho ni fursa ambayo sheria ya Kenya inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi kabla ya kumpiga kalamu kwa sababu ya utovu wa nidhamu au utendakazi duni. Aidha, yale yanayosemwa na kuandikwa siku hiyo ndiyo yatakayopekuliwa na hakimu au jaji iwapo mzozo utafika kortini baadaye, wakati mashahidi wamehama na kumbukumbu za watu zimefifia.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua yanayotarajiwa kabla ya kikao, wakati wa kikao na baada yake, pamoja na mambo ambayo mfanyakazi anafaa kuyafanya katika kila hatua.

Sheria yasemaje?

Kabla ya Juni 2008, mwajiri nchini aliweza kumwachisha mtu kazi kwa kumpa notisi tu, au malipo badala ya notisi, bila kutaja sababu yoyote. Hali hiyo ilibadilika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilipoanza kutekelezwa.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, utendakazi duni au kutojiweza kimwili, kwanza amweleze mfanyakazi sababu hiyo kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, ambaye amemchagua mwenyewe. Kisha mwajiri sharti asikize na kutafakari utetezi wa mfanyakazi na wa huyo aliyeandamana naye, kabla ya kufanya uamuzi.

Takwa hilo halikomi kwa makosa madogo. Hata yale makosa makubwa yanayoorodheshwa katika kifungu cha 44, ambayo humruhusu mwajiri kumfuta mtu papo hapo bila notisi, hayamwondolei mwajiri wajibu wa kusikiza kwanza. Miongoni mwayo ni kutofika kazini bila ruhusa, kulewa saa za kazi, kuzembea, kutukana wakubwa, kukaidi amri halali na kushukiwa, kwa misingi ya kutosha, kuwa umetenda uhalifu dhidi ya mwajiri.

Katiba ya mwaka 2010 iliipa haki hii nguvu zaidi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, nacho kifungu cha 47 kinampa haki ya hatua za kiutawala zilizo halali na za haki. Kifungu cha 236 kinakataza afisa wa umma kufutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala, iliyotungwa ili kutekeleza kifungu cha 47, inataja ilani ya mapema, nafasi ya kusikizwa, kuhoji mashahidi na kupewa stakabadhi zitakazotumiwa dhidi ya mtu.

Kinga ya Sheria ya Ajira haiwahusu walioajiriwa katika makampuni makubwa pekee. Mfanyakazi wa nyumbani, mhudumu wa hoteli, kibarua wa shambani aliye na kandarasi ya ajira na dereva wa lori wote wamo. Wasiomo ni wanajeshi, polisi, askari wa magereza na maafisa wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambao wana sheria zao, pamoja na jamaa wanaofanya kazi katika biashara ya familia isiyo na wafanyakazi wengine.

Kuhusu walio katika kipindi cha majaribio, sheria yenyewe iliwaacha nje ya kifungu cha 41. Hata hivyo, majaji wa mahakama inayoshughulikia mizozo ya ajira waliamua mwaka 2021 kwamba kuwatenga hivyo kulikiuka Katiba. Kwa hivyo mwajiriwa mpya asikubali haraka kuambiwa kwamba hana haki ya kusikizwa.

Barua ya kujieleza

Kwa kawaida safari huanza kwa barua inayomtaka mfanyakazi aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Katika baadhi ya kazi, barua hiyo huandamana na kusimamishwa kazi kwa muda ili uchunguzi ufanywe. Kusimamishwa si kufutwa. Iwapo utalipwa mshahara wote, nusu au usilipwe katika kipindi hicho hutegemea kandarasi yako, maafikiano ya chama chako na mwajiri, au mwongozo wa wafanyakazi. Soma stakabadhi hizo kabla ya kulalamika au kunyamaza.

Jambo la kwanza la kuangalia katika barua ni iwapo tuhuma zimeelezwa kwa namna inayoweza kujibiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karani wa ghala katika kampuni ya kuuza vyakula kwa jumla jijini Nairobi, anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi. Hesabu ya mwisho wa mwezi imeonyesha kwamba magunia 14 ya sukari hayapo. Iwapo barua itasema tu kwamba "umekosa uaminifu na kuisababishia kampuni hasara", karani hawezi kujua anajibu nini. Lakini ikisema kwamba kati ya tarehe 3 na tarehe 7, akiwa katika zamu ya usiku, magunia 14 yalitolewa ghalani bila hati ya kutolea bidhaa, hapo ana tarehe, saa, mahali na kitendo. Anaweza kujitetea.

Ukipokea barua ya aina ile ya kwanza, andika mara moja kuomba ufafanuzi. Usingoje siku ya kikao kulalamika kwamba hukuelewa.

Jambo la pili ni muda. Sheria ya Ajira haitaji idadi ya siku ambazo mfanyakazi anafaa kupewa kujiandaa. Korti huangalia iwapo muda ulikuwa wa kutosha kwa kuzingatia uzito na ugumu wa tuhuma. Anayedaiwa kuchelewa mara moja anaweza kujiandaa kwa siku mbili. Anayedaiwa kuhusika katika ubadhirifu wa hesabu za mwaka mzima hawezi. Ukiona muda hautoshi, omba kwa maandishi uongezewe na utaje sababu: stakabadhi hujazipata, shahidi wako yuko likizoni, au wewe mwenyewe ni mgonjwa na una barua ya daktari.

Jibu lako liwe fupi, la adabu na linalogusa kila tuhuma moja baada ya nyingine. Epuka matusi na usiwasingizie wengine usiyoweza kuyathibitisha. Kama kuna jambo ulilokosea kweli, ni busara kulikiri na kueleza mazingira yake, kwa maana kamati huweza kumwamini zaidi aliyekiri dogo anapokana kubwa.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Iwapo suala hilohilo limefikishwa kwa polisi, mtafute wakili kabla ya kuandika chochote. Maelezo unayompa mwajiri yanaweza kuzuka tena katika kesi ya jinai.

Maandalizi

Omba kwa maandishi nakala za kila stakabadhi ambayo mwajiri anategemea. Karani wetu wa ghala angeomba daftari la bidhaa la juma hilo, kumbukumbu za walinzi wa lango, picha za kamera za usalama ikiwa zipo, ripoti ya wakaguzi na orodha ya watu wote waliokuwa na ufunguo wa ghala. Mwajiri akikataa, nakala ya barua yako ya kuomba itabaki kuwa ushahidi kwamba uliomba.

Kusanya pia zako mwenyewe: kandarasi, barua za pongezi, ripoti za tathmini ya kazi, jumbe za simu mlizotumiana na msimamizi, na barua zozote za onyo ulizowahi kupewa. Usichukue stakabadhi za siri za kampuni bila idhini, kwa sababu kitendo hicho chenyewe chaweza kugeuka kosa jipya.

Andika matukio kwa mfuatano wa tarehe katika karatasi moja. Watu wengi hubabaika mbele ya kamati si kwa kuwa wana hatia, bali kwa kuwa wanaulizwa kuhusu Jumanne wao wakajibu kuhusu Alhamisi.

Chagua mapema utakayeandamana naye. Sheria inazungumzia mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Haitaji wakili, ingawa baadhi ya waajiri, hasa katika utumishi wa umma, huwa na kanuni zinazomruhusu. Uteuzi ni wako, wala mwajiri hafai kukuchagulia. Tafuta mtu mtulivu anayeyafahamu mazingira ya kazi yenu, na mkubaliane kabla ya siku hiyo ni mambo gani atayasema yeye na yapi utayasema wewe. Ukiamua kwenda peke yako, tarajia kuulizwa ikiwa umeridhia kuendelea hivyo na jibu lako kuandikwa.

Siku yenyewe

Kamati ya nidhamu si korti. Hakuna kizimba wala kiapo. Mara nyingi utakuta meza moja katika chumba cha mikutano, mwenyekiti ambaye ni mmoja wa wakuu, wanachama wawili au watatu kutoka idara nyingine, afisa wa masuala ya wafanyakazi na mtu wa kuandika kumbukumbu. Fika mapema, ukiwa umevalia kwa heshima, na ukiwa na nakala za ziada za stakabadhi zako.

Kikao kilichoandaliwa vyema hufuata mtiririko unaotabirika. Mwenyekiti huwajulisha waliopo na kueleza kazi ya kila mmoja. Huuliza iwapo ulipokea barua, ulipata muda wa kujiandaa, una mwenzako na unaifahamu lugha itakayotumiwa. Kisha tuhuma husomwa na wewe huulizwa iwapo unazikubali au unazikana.

Hatua hiyo ya utangulizi isichukuliwe kuwa salamu tu. Ndiyo nafasi ya kusema, kwa upole lakini kwa uwazi, kwamba hukupewa stakabadhi ulizoomba, kwamba muda ulikuwa mfupi, au kwamba mmoja wa wanakamati ndiye aliyekushtaki na kwa hivyo hafai kuwa mwamuzi. Omba pingamizi lako liandikwe. Hata likikataliwa, litakuwa limeingia kwenye kumbukumbu.

Suala la lugha nalo lina uzito. Iwapo tuhuma zinasomwa kwa Kiingereza cha kisheria na wewe unaelewa Kiswahili pekee, una haki ya kusema hivyo na kuomba maelezo kwa lugha unayoielewa. Hakuna aibu katika hilo, na sheria imelitaja waziwazi.

Baadaye upande wa mwajiri hueleza ushahidi wake na kuwaita mashahidi, ikiwa wapo. Unapopewa nafasi ya kuwauliza, usitoe hotuba. Uliza maswali mafupi yanayohitaji jibu moja. Karani wetu hatamsaidia mtu kwa kumwambia mkaguzi kuwa ni mwongo. Atajisaidia kwa kumuuliza: Ni nani mwingine aliyekuwa na ufunguo juma hilo? Je, magunia yalihesabiwa zamu yangu ilipoanza? Je, mlinzi wa lango aliandika lori lolote lililotoka usiku huo?

Kisha ni zamu yako. Eleza upande wako kwa mfuatano, onyesha stakabadhi, waite mashahidi wako. Mwenzako naye apewe nafasi ya kuzungumza. Sheria inamtaka mwajiri asikize maelezo yake pia, si kumfanya pambo la kukalia kiti.

Wanakamati watakuuliza maswali. Ukiwa hulijui jibu, sema hulijui. Ukiwa umesahau, omba uangalie karatasi zako. Swali likiwa limefungamanisha mambo mawili, omba yatenganishwe. Ukihisi umezidiwa na hisia, omba mapumziko ya dakika chache. Hakuna kamati ya busara itakayokunyima.

Mwishowe utaulizwa ikiwa una la kuongeza. Hapa ndipo pa kutaja miaka uliyotumikia, rekodi yako safi, na iwapo kuna wenzako waliotenda kosa kama hilo wakapewa onyo tu. Hata kama unakana tuhuma, unaweza kusema kwamba, iwapo kamati itakuona na hatia, adhabu nyepesi ingetosha.

Si lazima kila kikao kiwe cha ana kwa ana. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2010 kwamba usikizaji unaweza kuwa wa haki hata ukifanywa kwa kuandikiana barua, bora mhusika awe amepewa nafasi ya kweli ya kujibu. Hivyo basi, barua yako ya kujieleza iandike kana kwamba ndiyo nafasi yako ya mwisho.

Kumbukumbu za kikao

Mwenzako na aandike yanayosemwa kadiri awezavyo: saa ya kuanza, majina ya waliopo, maswali na majibu. Kikao kikimalizika, huenda ukatakiwa kutia sahihi kumbukumbu rasmi. Zisome kwanza. Ukikuta maneno ambayo hukuyasema, yasahihishe kwa mkono wako au andika chini kwamba hukubaliani na sehemu fulani, kisha ndipo utie sahihi na tarehe. Omba nakala.

Kuwa mwangalifu zaidi na karatasi nyingine mbili. Ya kwanza ni barua ya kujiuzulu inayosukumwa mezani kwa ahadi kwamba "itakuokoa". Aliyejiuzulu mwenyewe atapata shida kudai baadaye kwamba alifutwa isivyo haki, kwa kuwa itambidi athibitishe kwamba alishurutishwa. Ya pili ni hati inayosema umelipwa haki zako zote na huna dai lingine. Mahakama ya Rufaa imewahi kushikilia, mwaka 2018, kwamba makubaliano ya namna hiyo humfunga aliyeyatia sahihi kwa hiari. Omba muda upeleke karatasi hiyo kwa chama chako au kwa wakili.

Uamuzi na rufaa

Kamati haifai kutoa uamuzi kabla ya kuyatafakari yaliyosemwa. Mwenyekiti anayetoa barua ya kufuta kazi kutoka kwenye faili dakika tano baada ya utetezi kumalizika amewapa mawakili wako kazi rahisi.

Uamuzi unaweza kuwa kuondolewa tuhuma, onyo, kushushwa cheo kwa mujibu wa kanuni za kazi, kuachishwa kwa notisi, au kufutwa papo hapo. Uje kwa maandishi na utaje sababu. Mwajiri hahitaji kuthibitisha kosa kwa kiwango kinachotakiwa katika kesi ya jinai. Kifungu cha 43 kinamtaka aonyeshe sababu alizoziamini kwa dhati wakati alipokuwa akifanya uamuzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa huru na korti ya jinai lakini asirudishiwe kazi, kwani hizo ni njia mbili tofauti.

Zipo sababu ambazo hazikubaliki kabisa. Kifungu cha 46 kinataja, miongoni mwa nyingine, ujauzito, kwenda likizo unayostahiki, kujiunga na chama cha wafanyakazi, kabila, dini, ulemavu, kuishi na virusi vya Ukimwi, na kumlalamikia au kumshtaki mwajiri.

Hata aliyefutwa kwa haki anastahili kulipwa pesa zote alizokuwa amechuma hadi siku hiyo. Anayelipwa kwa mwezi na akaachishwa kwa notisi hupewa angalau siku 28, au malipo badala yake, isipokuwa kandarasi yake iwe inampa zaidi. Vilevile, aliyefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi anapaswa kupewa cheti cha utumishi. Mwajiri anayekataa kukitoa anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa miezi isiyozidi sita au adhabu zote mbili.

Barua ya uamuzi ikitaja nafasi ya kukata rufaa ndani ya kampuni, itumie, na uzingatie siku zilizotajwa. Mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kwa maandishi ndani ya siku 90. Walimu nao wana utaratibu wao wa kuomba uamuzi uangaliwe upya chini ya sheria ya tume inayowaajiri.

Mambo yakifika kortini

Aliyeachishwa kazi anaweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, au kwenda kortini. Kesi ya madai ya ajira sharti ifunguliwe ndani ya miaka mitatu, na korti haina huruma na aliyechelewa. Kuwa kwenye mazungumzo na mwajiri hakusimamishi saa hiyo kuhesabu. Wanaolipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi hupeleka kesi zao mbele ya mahakimu walioidhinishwa tangu mwaka 2018. Wengine huenda katika Mahakama ya Ajira na Leba.

Huko, korti huuliza maswali mawili: Je, kulikuwa na sababu halali? Je, utaratibu ulikuwa wa haki? Mwajiri anaweza kushinda swali la kwanza akashindwa la pili. Tuseme kamera zilimnasa karani wetu akipakia magunia. Iwapo alifukuzwa langoni siku hiyohiyo bila kusikizwa, bado korti inaweza kuamua kwamba hakuachishwa kwa haki, ingawa itazingatia mchango wake katika kilichomfika inapokadiria fidia.

Fidia yenyewe haizidi mshahara wa miezi 12. Kwa anayelipwa Sh30,000 hicho ni kiwango cha juu cha Sh360,000, mbali na notisi na malimbikizo mengine. Hicho ni kikomo na wala si kiasi ambacho kila mshindi hupata. Korti huangalia urefu wa utumishi, uwezekano wa kupata kazi nyingine, mwenendo wa mlalamishi na mengineyo. Inaweza pia kuagiza arudishwe kazini, ila tu ikiwa haijapita miaka mitatu tangu alipoachishwa.

Hapo ndipo thamani ya ile siku ya kikao inapodhihirika. Aliyesusia mwaliko alioupokea bila sababu atamwambiaje jaji kwamba alinyimwa nafasi ya kusikizwa? Na aliyefika, akapinga kwa adabu, akauliza maswali na kuhifadhi nakala, ana jambo la kuonyesha hata kama kamati haikumwamini.

Waajiri nao wana funzo. Mwenye duka la wafanyakazi watano anaweza kudhani kwamba mambo ya kamati ni ya makampuni makubwa. Ni kweli kwamba sheria haimlazimishi mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 50 kuandika kanuni za nidhamu katika maelezo ya ajira. Lakini wajibu wa kumsikiza mfanyakazi kabla ya kumfuta hautegemei idadi ya waajiriwa. Barua moja inayoeleza kosa, siku chache za kujiandaa na saa moja ya kuketi na kusikiza ni gharama ndogo ikilinganishwa na mshahara wa miezi 12.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ukipokea barua hiyo, isome mara mbili, andika tarehe uliyoipokea, mtafute utakayeandamana naye, na siku ikifika, nenda.